Kadi ya TANU ya babu

Wiki iliyopita, kwenye grupu la ukoo, niliandika kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu ya Tanzania, inayozuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais, ni aibu na iondoke. Mjomba akajibu haraka: "Mpwa wangu, nchi hii imekusomesha. Kama huipendi, hama." Wengine wakaweka vidole gumba. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu, maana yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki, na siwezi kumjibu ovyo. Basi namjibu hapa, kwa heshima zote.

Mjomba, naipenda nchi hii mpaka naumwa. Nimekulia Morogoro, na kila nikipita Mazimbu moyo wangu hujaa. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa wapigania uhuru wa ANC, chama cha Afrika Kusini, shamba la mkonge pale, wakajenga shule wakaiita jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu akiwa na miaka 22. Sisi wenyewe tulikuwa hatuna kitu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, na bado tukagawana na wageni. Makaburi ya waliofia ugenini bado yapo, na shule sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Sijui nchi nyingi zenye umaskini kama wetu zilizofanya vile. Nikiimbiwa wimbo wa taifa huwa nasimama nikikumbuka hayo.

Ila sasa tazama. Wafrika Kusini tuliowahifadhi, mwaka 2024 walipiga kura ya wabunge ikiwa na wagombea binafsi, baada ya mahakama yao ya katiba kusema raia asilazimishwe kupitia chama. Kwetu, Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu kudai haki hiyohiyo ya mgombea binafsi, akashinda mwaka 1994. Bunge likabadilisha Katiba kumzuia. Akarudi, akashinda tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake ni hapahapa Arusha, nayo ikampa haki Juni 2013. Mchungaji alifariki mwaka 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja. Mwalimu Nyerere mwenyewe alilipinga zuio lile hadharani, na hakuna aliyemwambia ahame.

Hiyo Ibara ya 41(7) nayo ina maneno machache tu: Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza mtu kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Matokeo ya ubunge wa jimbo moja unaweza kuyapinga mahakamani, jaji akasikiliza mashahidi, masanduku yakafunguliwa. Ya urais wa nchi nzima, mdomo unafungwa. Mwaka 2020 mahakama ileile ya Arusha ilisema ibara hii inavunja Mkataba wa Afrika. Wakenya walifuta uchaguzi wao wa urais mahakamani mwaka 2017, Wamalawi mwaka 2020, na nchi zao zipo.

Nimesikia hoja kwamba mlango huu umefungwa kwa ajili ya amani. Nataka kuiheshimu hoja hiyo, maana amani naijua thamani yake. Lakini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tuliona wenyewe. Intaneti ilizimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliuawa. Kuna akina mama waliokwenda mochwari wakitafuta watoto wao. Mwenye uchungu asipokuwa na mahakama ya kupeleka shauri lake, atakwenda wapi? Nauliza kwa sababu siku zile sikulala.

Narudi kwa babu, ambaye mjomba anamjua kuliko mimi, ni baba yake mzazi. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi. Alipofariki tulikuta kopo la biskuti chini ya kitanda, na ndani, kwenye nailoni iliyokunjwa mara tatu, kadi yake ya TANU, chama kilichotuletea uhuru. Kingo zimeliwa na mende, jina lake limeandikwa kwa wino wa bluu uliofifia. Jioni, tulipokuwa wadogo, alikuwa akitukariria ahadi za mwana TANU, na moja tuliisema kwa sauti kama kiitikio: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Kwa hiyo mjomba, mtu wa kwanza kunifundisha kuikosoa serikali alikuwa mwana chama wa damu. Babu angeona ajabu kuambiwa kwamba anayesema kweli ni kibaraka wa mabeberu.

Na kuna jambo huenda mjomba hakulishuhudia, maana alikuwa Mwanza kikazi. Mwaka 2012, wajumbe wa Tume ya Jaji Warioba walipokuja kukusanya maoni ya Katiba mpya, babu alivaa koti lake la harusi na kofia, akatembea na mkongojo hadi uwanjani, akapanga foleni juani. Zamu yake ilipofika alisema anataka mtu asiye na chama aruhusiwe kugombea. Watu walimpigia makofi, maana wote walimjua ni wa kijani, mtu wa CCM. Rasimu ya Warioba ililiweka jambo hilo, na pia ikaruhusu matokeo ya urais kupingwa mahakamani. Kisha likaja Bunge Maalumu, likapitisha maandishi yake Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa. Haijafanyika mpaka leo.

Sasa nasikia tena habari za kuanza mchakato mpya wa Katiba. Ombi langu ni kwamba tusianze sifuri. Rasimu ipo, na majalada ya maoni yapo. La babu limo humo.