Sarafu Moja Sawa, Ila Korosho Atanunua Nani?

Mwaka 2024 ulikuja ukaondoka na sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuonekana. Hapa Mtwara sikusikia mtu akiiulizia. Itifaki ya umoja wa fedha ilisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013, ikaacha miaka kumi ya kujiandaa. Muda ulipoyoyoma, lengo likasogezwa hadi 2031. Watu wa kusini tumezoea ahadi za kusogezwa mbele, kwa hiyo hatukushtuka.

Sipingi sarafu moja. Kinachonikera ni mjadala wake, maana unaendeshwa kama vile kazi kubwa iliyobaki ni kuchagua jina la noti, picha ya kuweka juu yake, na mji wa kukaa taasisi ya fedha. Mkulima wa korosho wa Tandahimba ana swali lake, na ana haki ya kujibiwa kabla ya hayo yote: mambo yakiharibika, nani atatia mkono mfukoni?

Kwanza, jambo lenyewe si geni. Kuanzia 1921 Tanganyika, Kenya na Uganda zilitumia shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi 20 kwa pauni. Wazee wa Mikindani wanazikumbuka senti kumi zenye tundu katikati. Bodi hiyo ilikuwa na makao London mpaka 1960, na kazi yake ilikuwa kulinda thamani ya shilingi dhidi ya pauni, basi. Baada ya uhuru kila serikali ilitaka kupanga uchumi wake na kuamua mikopo iende wapi. Juni 1965 wakatangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake, na tarehe 14 Juni 1966 shilingi ya Tanzania ikaingia mtaani. Sasa tunataka kurudi tulikotoka, safari hii kwa hiari yetu. Vizuri. Lakini lile lililotutenganisha bado lipo mezani.

Tuje kwenye kubadilisha pesa kwenyewe, maana hapo ndipo mwananchi atakapoigusa hiyo sarafu kwa mara ya kwanza. Ulaya wamelifanya zoezi hili mara nyingi mpaka wamelizoea. Noti na sarafu za yuro zilianza kutumika tarehe 1 Januari 2002 katika nchi 12. Kroatia ikafuata Januari 2023, kwa kiwango kilichofungwa cha kuna 7.53450 kwa yuro moja. Maduka yalilazimika kuandika bei mbili mbili tangu Septemba 2022 hadi mwisho wa 2023, ili mteja akague mwenyewe. Pamoja na ulinzi huo, watu walilalamika kwamba wanaibiwa. Italia mwaka 2002 walikuwa na lira 1,936.27 kwa yuro, na mtaani watu waliapa kwamba kilichouzwa lira elfu moja sasa kinauzwa yuro moja. Wataalamu wa takwimu wa Umoja wa Ulaya walipopiga hesabu walikuta ubadilishaji wenyewe uliongeza bei kwa kati ya asilimia 0.1 na 0.3 tu. Ila ongezeko lilijikusanya kwenye vitu vidogo vya kila siku, kahawa ya mgahawani na mfano wake, na vitu hivyo ndivyo mtu anavyovikumbuka.

Sasa lete hesabu hiyo Mtwara. Tuseme tu, kwa mfano, kiwango kiwe shilingi zetu 17.6 kwa moja mpya. Kitumbua cha 200 kinakuwa 11.36. Mama wa vitumbua hana senti, na hata leo chenji ya mia inamtoa jasho. Atasema 12, na hajamdhulumu mtu. Kipande cha pweza, fungu la nyanya, nauli ya bodaboda, vyote vitapanda ngazi hiyohiyo. Na fungu la nyanya halina kibandiko cha bei, sembuse bei mbili. Sheria ya Kroatia inamfaa mwenye mashine ya risiti. Kwetu bei inakaa mdomoni mwa muuzaji.

Mjomba wangu wa Nanyamba nilipomweleza habari hizi alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza moja tu: "Sasa mpwa, hiyo pesa mpya kangomba ataijua kabla yangu au baada yangu?" Wasio wa huku waelewe kwamba kangomba ni mlanguzi anayepita vijijini kununua korosho kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani ule wa kukusanya korosho ghalani na kuiuza kwa mnada, hasa wakati wa njaa kabla ya mnada huo. Jibu la swali la mjomba sote tunalijua.

Halafu kuna pesa za sandukuni. Benki Kuu ilipoondoa noti za matoleo ya zamani, za kuanzia 1985 hadi 2003, ilitoa muda wa kuzibadilisha kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Miezi mitatu. Kwa mtu wa mjini inatosha na kubaki. Kwa bibi wa ndani ndani huko Liwale, masika yameshika barabara, mimi nasema ni michache. Ujerumani mpaka leo ukipeleka marki kwenye benki kuu yao wanakupa yuro, hakuna mwisho. Sarafu ya Afrika Mashariki ikija bila kipengele cha namna hiyo, akiba nyingi za wanyonge zitageuka karatasi za kufungia karanga.

Lakini hayo yote ni ya mwaka mmoja, miwili, halafu watu wanazoea. Lisilozoeleka ni hili linalofuata.

Korosho ghafi tunayouza nje karibu yote inakwenda India na Vietnam, na mnunuzi anapiga hesabu zake kwa dola. Shilingi ikishuka, dola ileile inazaa shilingi nyingi mnadani. Salfa ya kupulizia mikorosho inapanda, kweli, lakini mwenye mzigo ghalani anapata ahueni. Chini ya sarafu moja, mlango huo unafungwa. Benki kuu ya pamoja itaangalia Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Bei ikianguka Newala, huko juu haitatikisa hata desimali.

Mtaniambia: kwani sasa hivi Mtwara ina shilingi yake? Haina, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Sisi tayari tunaishi ndani ya umoja wa sarafu na Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kinachoufanya uvumilike ni hazina moja. Msimu wa 2018 wanunuzi walikuja na bei za chini baada ya mwaka wa neema, wakulima wakagoma kuuza. Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaingia vijijini kusomba mzigo. Malipo yalichelewa kwa wengi, uhakiki ukazua manung'uniko, na kama sera ya biashara mimi nisingeipa alama nzuri. Hata hivyo fedha zilitoka mahali, na mahali penyewe ni mfuko wa nchi nzima.

Hazina hiyohiyo inajua pia kuchukua. Mwaka uleule, 2018, sheria ilibadilishwa na ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho nje iliyokuwa ikirudi kwenye zao ikaingizwa mfuko mkuu. Wabunge wa kusini waliwaka bungeni. Na 2013 Mtwara iliwaka kweli, kwa moto, kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar. Sitetei vurugu zile. Nataka tuone tu kwamba mtu wa Mtwara akiumia ana mbunge wa kusimama Dodoma akapiga kelele. Arusha, kwenye makao ya Jumuiya, je? Wabunge wa Afrika Mashariki ni tisa kila nchi, wanachaguliwa na mabunge ya nchi zao. Hakuna anayekuja Nachingwea kuomba kura.

Masharti ya kujiunga nayo ni ya namba: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisivuke asilimia 50, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi 4.5 ya kuagiza bidhaa. Ni nidhamu nzuri. Lakini hakuna sharti hata moja linalosema nani anamnyanyua aliyeanguka. Ugiriki iliingia kwenye yuro 2001, ilipozidiwa na madeni 2010 haikuweza kushusha thamani ya pesa yake kwa sababu haikuwa na pesa yake. Ikakopeshwa, na wastaafu wakakatwa pensheni. Hao ni Ulaya, wenye mifuko iliyojaa. Sisi nchi wanachama zinalimbikiza madeni ya michango ya kuendesha ofisi za Jumuiya tu.

Na wakati tunayasubiri hayo, jirani yetu wa karibu, Msumbiji, hayumo kwenye Jumuiya. Ukivuka Ruvuma kwa Kilambo, au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, unaingia nchi ya meticali, ambayo 2006 iliifuta pesa yake sifuri tatu na wachuuzi wa huku wakajifunza hesabu upya. Sarafu ya Jumuiya haitampunguzia mchuuzi huyo hata shilingi moja ya kubadilisha fedha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaokwenda kwenye vikao hivyo: kabla ya kutuletea sampuli ya noti, tuleteeni rasimu ya mfuko wa pamoja. Iandikwe kila nchi inatia kiasi gani, nani anaruhusiwa kuchota, na zao la mkoa mmoja likianguka utaratibu wa kuomba ni upi. Rasimu hiyo ipitie kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika kabla msimu haujafunguliwa Oktoba, maana mnada ukishaanza hakuna mtu huku atakayekaa kusikiliza habari za 2031.