Malkia wa miaka 96 na Mtwa wa Kalenga

Kamwene, wanyalukolo, ndugu zangu Wahehe.

Tarehe 6 Septemba 2022 nilikuwa zamu ya mchana kwenye nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, kaskazini mwa Uingereza. Runinga ya sebuleni ikaonyesha picha ya Malkia Elizabeth wa Pili kule Balmoral, mkongojo mkononi, akimpokea Liz Truss, waziri mkuu wa 15 katika utawala wake. Wenzangu walisifia tabasamu. Mimi nilitazama mkono. Mgongo wa kiganja ulikuwa umevilia damu, weusi ninaouona kila siku kwa wazee ninaowaogesha. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemshikia kikombe cha chai bibi wa umri wake, maana hawezi tena kukiinua. Malkia alikuwa na miaka 96, na bado alitakiwa asimame, akabidhi serikali. Siku mbili baadaye akafariki.

Nyumbani nikisimulia haya huambiwa, "Lakini huyo si alikuwa wa mapambo tu? Hana mamlaka." Hata mimi nilikuja huku na fikra hiyo. Miaka kumi na moja ya kuishi hapa imenifundisha vingine. Mfalme wao hupelekewa masanduku mekundu ya nyaraka za serikali, asome na kutia saini. Kila wiki hukutana na waziri mkuu faraghani. Hapigi kura, wala hasemi hadharani anampenda nani. Agosti 2019 Malkia alishauriwa na waziri mkuu asimamishe vikao vya Bunge, akaridhia kwa sababu desturi haimpi nafasi ya kukataa. Mwezi uliofuata Mahakama ya Juu ikasema ushauri ule haukuwa halali na amri yenyewe ni batili. Uamuzi haukuwa wake, ila jina lililokuwa kwenye amri lilikuwa lake. Hakuruhusiwa hata kujitetea.

Sisi tuliolelewa Kalenga, Iringa, tunaujua mzigo wa namna nyingine kabisa. Mtwa Mkwawa, chifu mkuu wa Wahehe, aliamua mwenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 alipokivamia kikosi cha Zelewski, kamanda wa Kijerumani, pale Lugalo, ushindi ulikuwa wake na maiti za vijana wa Kihehe zilikuwa juu yake. Mwaka 1894 Wajerumani wakaivunja ngome ya Kalenga, naye akaingia porini karibu miaka minne. Kila kijiji kilichompa chakula kiliweza kulipa kwa kuchomewa nyumba. Babu alipofika hapa katika kutusimulia alikuwa ananyamaza kwanza. Tulifundishwa ushujaa, na ni kweli ulikuwepo, lakini mimi sasa nafikiria usiku wa mtu anayejua kwamba kila anayemkaribisha anahatarisha watoto wake. Tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi Mlambalasi. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai kirudishwe, na fuvu likafika Kalenga mwaka 1954. Hata kufa hakukumtua mzigo.

Tena kuna Mpangile, nduguye, ambaye hatumtaji sana. Wajerumani walimkalisha kwenye kiti cha Mtwa mwishoni mwa 1896. Haikupita miezi mitatu wakamnyonga, wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake. Aliyekataa alikufa, na aliyekubali pia alikufa.

Kwa hiyo nikilinganisha huku na nyumbani, sisemi kwamba wenzetu wamepata dawa. Walimpunguzia mfalme maamuzi, hawakumpunguzia siku za kazi. Charles wa Tatu alipotangazwa kuwa na saratani, Februari 2024, walisema palepale kwamba nyaraka ataendelea kuzisoma. Mgonjwa wa saratani ninayemhudumia mimi akiandikiwa barua ya benki tu, tunamwambia aiache, mwanawe ataisoma. Margrethe wa Denmark alikabidhi kiti kwa mwanawe Januari 2024 akiwa hai, na nilifurahi kana kwamba ni shangazi yangu aliyeruhusiwa kwenda kupumzika.

Linaloniuma ni kwamba sisi ndio wenye neno la jambo hilo. Kung'atuka tulilipata kutoka Kizanaki, na Mwalimu Nyerere, mtoto wa chifu Burito, alilitenda mwaka 1985. Uchifu wenyewe serikali ilikuwa imeshaufuta kisheria mwaka 1963. Adam Sapi Mkwawa wakati huo alikuwa Spika wa Bunge, mjukuu wa Mtwa akiwa kwenye kiti cha kusikiliza pande zote. Mamlaka yaliondoka Kalenga, ila matarajio yakabaki palepale. Alipofariki Chifu Abdul, mwana wa Adam Sapi, mwaka 2015, tulimsimika mwanawe, mvulana ambaye bado alikuwa anasoma shule. Nililia nilipoona picha. Watu waliona fahari, nami niliiona, lakini niliona pia mabega ya mtoto.

Mwezi uliopita nilimwambia mjomba kwa simu kwamba Mtwa naye aruhusiwe kung'atuka siku akichoka. Akaniuliza, "Amwachie nani, mwanangu?" Nikamjibu kwamba zamani Mtwa alikuwa na wanzagila wake, machifu wadogo, kila mmoja na eneo lake, na mashauri hayakumfikia yeye kwanza. Basi wazee wa ukoo wakae na kesi za mipaka ya mashamba na ugomvi wa urithi, wazimalize huko huko. Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nimwandikie hayo kwenye karatasi ayasome kwenye kikao cha ukoo. Barua nimeiandika jana usiku baada ya zamu, kurasa mbili, na leo nimeipeleka posta.