Titicaca: boti ya mgeni ni ya nani?

Wasafiri wanaorudi kutoka ziwa Titicaca, lililo mpakani mwa Peru na Bolivia kwenye mwinuko wa mita 3,812, huja na habari zisizopatana. Wapo wanaosema visiwa vya Uros, vinavyoelea na kujengwa kwa matete, ni maigizo matupu. Boti inafika, akina mama waliovaa sketi za rangi kali wanajipanga na kuimba, mzee wa kisiwa anaonyesha kwa kipande cha mizizi jinsi kisiwa kinavyojengwa, vitambaa vinatandazwa chini, na kabla saa moja haijaisha wageni wanaondolewa kwenda kwingine. Wapo pia waliolala kisiwa cha Amantaní, wakala supu ya kinoa, nafaka ya huko, jikoni pamoja na mama mwenye nyumba, wakaondoka wakiona aibu kwa udogo wa pesa walizolipa.

Habari zote mbili ni za kweli. Tofauti yake inatokana na jambo ambalo mgeni halioni akiwa bado kwenye gati la Puno, mji wa Peru ulio ukingoni mwa ziwa: boti anayoipanda ni ya nani, na ni nani aliyeamua atashukia wapi. Mjadala wa kama utamaduni wanaouona ni "halisi" au "wa kitalii" umekula muda mwingi kuliko unavyostahili, nao umewafanya wenyeji waonekane wadanganyifu kwa kosa lisilo lao.

Tuanze na Uros wenyewe, kwa sababu ndio wanaolaumiwa zaidi. Kisiwa kinachoelea si jukwaa lililojengwa kwa ajili ya picha. Totora, tete linaloota kwenye maji ya kina kifupi ya ghuba ya Puno, ni ndugu wa mafunjo tuyajuayo Ziwa Victoria. Mizizi yake husukana ikawa zulia zito. Msimu wa mvua, Desemba hadi Machi, maji yakipanda, sehemu za zulia hilo hung'oka kutoka chini na kuelea kwa nguvu ya gesi zilizonaswa ndani yake mizizi inapooza. Mapande hayo, yanayoitwa khili, huwa na unene wa mita 1 hivi. Hukatwa kwa misumeno mirefu, yakavutwa kwa boti, yakapigwa vigingi vya mkaratusi, kisha vigingi vikafungwa kamba ili pande moja lishikane na jingine. Baada ya miezi kadhaa mizizi huungana yenyewe. Ndipo matete mabichi hutandazwa juu kwa kupishanisha, safu moja ikielekea huku na inayofuata ikiikata, na kisiwa kizima hufungwa kwa kamba kwenye nguzo zilizokitwa chini ya ziwa ili upepo usikihamishe usiku.

Kazi haiishii hapo, na ndipo wageni wengi wanapokosa kuelewa. Tabaka la chini huoza mfululizo. Kila baada ya wiki mbili tatu matete mapya lazima yaongezwe, na wakati wa mvua ni mara nyingi zaidi. Nyumba huinuliwa nzima ili sakafu ipandishwe, kisha ikarudishwa. Moto wa kupikia huwashwa kwenye jiko la udongo lililowekwa juu ya mawe, maana cheche moja kwenye matete makavu inatosha kuteketeza familia nzima. Unyevu unaopanda kutoka chini huwaletea wazee baridi yabisi. Ongeza sasa miguu ya makundi ya wageni, boti baada ya boti, ikikanyaga pale pale: matete yanavunjika upesi, na safari za kwenda kuyakata zinaongezeka. Gharama hiyo haimo kwenye tiketi iliyouzwa mjini. Mgeni akiambiwa alipie zaidi kupanda mtumbwi wa matete hukasirika, akiona ameshalipa, na kweli ameshalipa, ila pesa yake imebaki Puno.

Ujuzi huu una uzito hata nje ya ziwa. Mwaka 1970 Thor Heyerdahl wa Norwei alivuka Atlantiki kutoka Moroko hadi Barbados kwa siku 57 ndani ya Ra II, chombo cha mafunjo yaliyotoka Ethiopia, kilichofungwa na mafundi wa Kiaymara kutoka kisiwa cha Suriqui, upande wa Bolivia wa ziwa hilihili. Miaka michache baadaye mafundi wa huko walimfungia chombo kingine, Tigris, kilichotoka Iraq, kikatia nanga Muscat na kuishia Jibuti mwaka 1978. Watu ambao fundo lao la kamba limehimili bahari mbili hawahitaji kuthibitishiwa uhalisi na mtu aliyekaa kwao dakika 40.

Lakini wanaolaumu nao wana hoja. Baadhi ya familia za Uros zina nyumba Puno, na wapo wanaolala mjini na kuja visiwani asubuhi. Lugha yao ya kale imekufa. Leo wanasema Kiaymara na Kihispania. Baada ya dhoruba na mafuriko ya 1986 kuharibu visiwa, familia nyingi zilisogea karibu na mji, na ukaribu huo ndio uliofanya ziara ya nusu siku iwezekane kwa boti ya dakika 20 hadi 30. Ninachokataa ni hitimisho. Mtoto wa Uros akimaliza shule ya msingi, sekondari iko mjini. Hospitali iko mjini. Mvuvi wa Mwanza mwenye chumba Kirumba haachi kuwa mvuvi. Kinachostahili kulaumiwa ni mwongozaji anayemwambia mgeni kwamba watu hawa "wanaishi kama miaka 500 iliyopita" huku paneli ya sola ikionekana juu ya paa. Uongo ni wa maelezo, na mara nyingi anayeyatoa ameajiriwa na wakala.

Taquile ndiyo inayoonyesha vizuri nguvu ya boti. Ni kisiwa cha ardhi na mawe, kilomita 45 hivi kutoka Puno, chenye wakazi kama 2,000 wanaosema Kikechua. Wanaume hufuma kwa sindano na wanawake hufuma kwa kitanda cha mfumi kilichotandazwa chini. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufumaji huo kuwa urithi wa binadamu. Kofia ya mwanamume humwambia anayejua kuisoma kama ameoa au bado, na mkanda mpana huandikwa kwa alama mwaka mzima wa kilimo na ibada.

Wageni walipoanza kumiminika miaka ya 1970, watu wa Taquile hawakungoja kubebewa. Walijenga boti za mbao wenyewe, wakazifunga injini zilizotoka kwenye magari makuukuu, wakaunda vikundi vya wenye boti, na kwa msaada wa Inter-American Foundation ya Marekani wakaboresha vyombo vyao. Kwa miaka kadhaa njia ya Puno hadi Taquile ilikuwa mikononi mwao. Mgeni aliyeshuka aliandikishwa, akapewa nyumba ya kulala kwa zamu. Vitu viliuzwa katika duka la ushirika kwenye uwanja wa kijiji kwa bei isiyopunguzwa, ili jirani asimwangushe jirani kwa kushusha bei. Miaka ya 1990 mapema, serikali ya Alberto Fujimori, rais wa Peru wakati huo, ilifungua soko na kuondoa kinga ya njia hiyo. Boti za mawakala wa Puno, zenye mbio na viti vizuri, zikaingia. Idadi ya wageni iliongezeka, na sehemu ya wenyeji katika nauli ikapungua.

Wapo wanaoutetea uamuzi ule, nao si wa kupuuzwa. Boti za wenyeji zilikuwa polepole, na ukiritimba wowote, hata wa kijiji, hauna wa kuukosoa. Mgeni mwenye siku moja tu anataka kurudi kabla ya jua kutua. Hata hivyo angalia kilichotokea kwa siku hiyo moja. Kundi linashushwa, linapanda ngazi za mawe zaidi ya 500 likihema, linapelekwa kwenye mkahawa ambao mwongozaji ana makubaliano nao, linakula samaki aina ya trauti na chai ya munya, mmea wa huko wenye harufu ya mnanaa, linateremka. Trauti mwenyewe si samaki wa Titicaca. Aliletwa karne ya 20, na samaki wadogo wa asili kama karachi wamepungua. Aliyelala kisiwani alikuwa analipia kitanda, chakula cha jioni na cha asubuhi katika nyumba moja, kisha akinunua mkanda kutoka kwa mtu aliyemwona akiufuma. Wa siku moja anaacha ada ndogo ya kuingia na bei ya sahani moja.

Amantaní bado ina zamu, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa mgeni mwenye usiku mmoja. Ni saa tatu na nusu hivi kwa boti ya kawaida kutoka Puno, au mvuko mfupi kutoka Llachón kwenye rasi ya Capachica, njia ambayo makundi huiacha. Akina mama huja gatini kuwapokea wageni. Chumba ni safi na baridi, choo kiko nje, na chakula ni supu, viazi, jibini la kukaanga. Jioni watu hupanda kwenye mahekalu mawili ya kilele, Pachatata na Pachamama, zaidi ya mita 4,100.

Zamu nayo ina kasoro, na wanaosifu utalii wa kijamii hupenda kuziruka. Ili kuingia kwenye orodha, familia lazima iwe na chumba cha ziada, vitanda, blanketi za kutosha. Maskini zaidi wanabaki nje. Wakala anaweza kupeleka makundi yake kwa familia zilezile kila wiki na orodha ikabaki karatasi. Na jumuiya inaweza kugombana yenyewe kwa yenyewe: huko Isla del Sol, Bolivia, mwaka 2017 watu wa vijiji vya Challa na Challapampa walikosana kuhusu vibanda vya wageni vilivyojengwa karibu na magofu ya kale, njia zikafungwa, na upande wa kaskazini wa kisiwa haukupitika kwa mgeni kwa muda mrefu. Pesa ya wageni ikiwa ndiyo pekee, ugomvi wa mipaka uliolala huamka.

Utegemezi huo ulipimwa mara mbili katika miaka michache. Machi 2020 Peru ilifunga mipaka. Mapema 2023 maandamano yalifunga barabara za mkoa wa Puno, na tarehe 9 Januari zaidi ya watu 15 waliuawa Juliaca, mji wa mkoa huo. Taquile na Amantaní wana matuta ya viazi, kinoa na maharage. Uros hawana udongo. Wana samaki, ndege, na matete.

Kwa anayekusudia kwenda, mambo ya mwili kwanza, kwa sababu ndiyo yanayoharibu safari nyingi. Puno iko juu kuliko kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, iliyo mita 3,720, lakini Horombo hufikiwa kwa miguu siku ya pili. Ndege kutoka Lima, usawa wa bahari, hukushusha Juliaca kwenye mita 3,826 kwa muda usiofika saa mbili. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni jambo la kutarajiwa. Njia bora ni kulala usiku mbili Arequipa, mita 2,335, kisha Puno usiku mbili, ndipo visiwani. Dawa ya asetazolamidi, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla, husaidia. Hukojoza sana na kufanya vidole viwashe, na mwenye mzio wa dawa za salfa amwone daktari kwanza. Chai ya koka ni halali Peru, lakini usirudi na majani yake. Mwenye kikohozi chenye povu, anayepepesuka au kuchanganyikiwa hatakiwi kupanda boti ya kwenda Amantaní kabisa: tiba yake ni kushuka, na usiku hakuna boti wala pa kushukia.

Usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka chini ya sifuri, ilhali jua la mchana huchoma ngozi hata nyeusi. Beba tochi, nguo za tabaka tabaka, na noti ndogondogo za soli, pesa ya Peru, kwani visiwani hakuna mashine za pesa. Kwenye gati la Puno, pita wauzaji wa mlangoni na uulize dirisha la boti za wenyeji wa kisiwa unachokwenda. Huondoka asubuhi mapema. Ukilazimika kupitia wakala, muulize familia italipwa kiasi gani kwa usiku na nani atawalipa, kisha mlipe mama mwenye nyumba mkononi mwake kama inawezekana. Zawadi ya mchele, mafuta, sukari au matunda huingia jikoni. Pipi kwa watoto zimeshazaa watoto wanaokimbilia boti kuomba, na meno yao hayana daktari karibu.

Limebaki ziwa lenyewe. Maji machafu ya Puno yamekuwa yakiingia kwenye ghuba ya ndani kwa miongo mingi, na utando wa kijani wa magugu madogo yanayoelea huonekana ukingoni. Mwaka 2023 maji yalishuka karibu na kiwango cha chini kabisa kilichowahi kurekodiwa. Totora iliyobaki nchi kavu hukauka, na khili haing'oki kama maji hayajapanda. Ada inayokusanywa visiwani haiwezi kujenga mtambo wa kusafisha majitaka ya mji mzima. Huo ni wajibu wa Puno, mji unaolaza na kulisha wageni hao wote kabla hawajapanda boti.