Sauti Iliyotoka Kabatini

Usiku ule niliamshwa na sauti ya mwanamume sebuleni kwangu. Hakuwa ananong'ona kama mwizi. Alikuwa anazungumza kwa raha zake, tena akimsema mama mkwe wangu. Nilibaki chali gizani nikimsikiliza. Akasema yule mama anakoroma kama trekta linalopanda mlima. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza ataondoka lini. Nikasema moyoni, huyu bwana, awe mwizi awe nani, ana akili zake timamu. Dakika nzima ikapita kabla sijaitambua ile sauti. Ilikuwa yangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Binti yetu alikuwa na siku 19 duniani. Mimi ni mtu wa mahesabu, kwa hiyo tangu siku ya tatu nilikuwa na daftari: kalala lini, kaamka lini, kanyonya mara ngapi, nepi ngapi. Nilikuwa nakusanya ushahidi. Jioni moja nikajumlisha, nikakuta analala saa 16 kwa siku. Nikajumlisha upya, jibu lile lile. Katika nyumba nzima hakuna aliyekuwa analala kama yeye, na mimi niliyekuwa nahesabu nilikuwa naambulia saa 4 siku ikiwa njema. Tatizo ni kwamba sisi tumezoea kulala kwa jumla, yeye analala kwa rejareja. Vijisaa viwili hapa, kimoja na nusu pale, na duka lake hulifungua watu wakishazima taa.

Daftari nikalipeleka kliniki. Muuguzi alilifunua, akacheka kwanza, kisha akaniambia, "Baba, hizi ni hesabu za mtoto mwenye afya." Tumbo lake ni dogo na maziwa husagika upesi, kwa hiyo kunyonya mara 8 hadi 12 kati ya mchana na usiku ni jambo la kawaida, na mtoto wa umri huu akilala usiku mzima bila kunyonya si wa kushangiliwa. Tena usiku bado haujui. Alipokuwa tumboni, mama akitembea mchana ndiyo ilikuwa bembea yake. Mama akijilaza usiku, bembea inasimama, naye anaanza mateke. Saa ya mwili huanza kushika majira akifikisha miezi 2 au 3. Kwa sasa mchana mapazia yawe wazi, watu wazungumze, sufuria zigongane. Usiku taa iwe hafifu, nepi ibadilishwe kimyakimya, asichekeshwe wala kusimuliwa habari. Alale chali, kwenye godoro gumu lililo tambarare, kitandani pasiwe na mto, blanketi wala mwanasesere. Na mkipenda, akamalizia, sauti moja isiyobadilika, ya chini, ikae mbali na kitanda. Humkumbusha mvumo aliouzoea tumboni.

Katika yote hayo mimi nilitoka na hilo la mwisho. Mengine yalihitaji subira.

Lakini kwanza niseme kwa nini nilikuwa na kinyongo na mama mkwe. Alikuja kutusaidia kwa wiki mbili, na kweli alisaidia, sitamnyima haki yake. Ila alikuwa na tabia ya kutokea mlangoni kila nilipokosea. Usiku mmoja mtoto akaanza kuguna, akakunja uso, akatoa kilio kifupi. Nikaruka, nikamnyanyua. Akafumbua macho, akanitazama kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake, kisha akaangua kilio chenyewe.

"Mwanangu," mama akasema kutoka mlangoni, "mtoto alikuwa amelala."

"Alikuwa analia, mama."

"Alikuwa analia usingizini. Wewe ndiye uliyemwamsha. Siku nyingine mngoje kidogo, usikie kama anaendelea."

Uchungu zaidi ni kwamba muuguzi naye alikubaliana naye: karibu nusu ya usingizi wa mtoto mchanga ni wa namna hiyo, wa kujinyonganyonga na kuguna, na wazazi wengi huwaamsha watoto wao kwa kudhani wameshaamka. Usiku uliofuata nikasikia mkoromo mzito unaokwama katikati. Nikajua mtoto ana kifua. Nikamnyanyua, nikaweka sikio mgongoni pake. Mkoromo ukaendelea, ila ulikuwa unatoka chumba cha pili. Mtoto akaamka bure, na mwenye mkoromo akatokea mlangoni kuniuliza kwa nini nimemwamsha tena.

Basi, sauti. Nilianza na feni, nikaelekeza ukutani, lakini feni yetu ina ugonjwa wa kupiga kofi kila mzunguko wa kumi. Nikajaribu redio kati ya stesheni na stesheni, pale panapovuma tu. Ikavuma vizuri hadi saa kumi usiku, ikadaka stesheni yenyewe, mtangazaji akashangilia goli. Mwishowe nikagundua kwamba kinachomtuliza ni mimi kumfanyia "shiii, shiii" polepole. Ila baada ya dakika nane za shiii midomo inakauka, kichwa kinazunguka, na unaanza kujiuliza kwa nini ulioa. Ndipo nikapata wazo la kujirekodi.

Nyumba yenye mtoto mchanga haina pembe ya kimya, isipokuwa moja. Nikaingia kabati la nguo na simu, nikajifungia, nikakaa juu ya viatu, nikaanza. Dakika 20 za shiii, uso nimeuzika kwenye koti la harusi. Nilikuwa nimebofya pa kuzimia, au nilidhani nimebofya, mke wangu alipofungua mlango.

"Wewe, unafanya nini humo?"

"Najirekodi. Funga mlango."

"Toka, mama anataka kupanga nguo za mtoto."

Hapo ndipo nilipotema yote. Kwamba mama yako ananiambia simwachii mtoto alale, na mwenyewe anakoroma kama trekta linalopanda mlima. Kwamba juzi nimemshika mtoto nikidhani ana kifua kumbe ni mama yako. Kwamba wiki mbili zimekwisha, ataondoka lini? Mke wangu akasema, "Shiii, atakusikia." Nikamjibu, "Atasikia wapi!"

Nilisikiliza dakika tatu za mwanzo, nikaridhika. Mahesabu yangu yote, na sikujiuliza kwa nini rekodi ya dakika 20 imekuwa ya dakika 26.

Usiku huo mama akajitolea kukesha. Mtoto angenyonya, kisha kitanda chake kisukumwe hadi sebuleni ili mke wangu apate kipande cha usingizi. Nikaweka simu juu ya kabati la vyombo, mbali na kitanda, sauti chini, nikaiamuru ijirudierudie hadi asubuhi. Nikamwonyesha mama pa kuwashia na kuzimia, nikaenda kulala nikiwa na furaha ya mvumbuzi.

Sasa turudi kwa yule bwana wa sebuleni.

Nilipotambua ni mimi, nilitoka kitandani bila kugusa sakafu. Kidole cha mguu kikakutana na beseni, nikameza kelele. Sebuleni taa ndogo ilikuwa inawaka. Mtoto chali kitandani mwake, mikono ameitupa pembeni kama mtu aliyeshinda kesi, amelala fofofo. Mama kakaa kitini, mgongo umenyooka, anafuma kofia. Na mimi, kutoka juu ya kabati, nasema, "Atasikia wapi!"

Nikanyoosha mkono kuchukua simu.

"Usiguse," mama akasema kwa sauti ya chini kabisa.

"Mama, mimi naomba—"

"Shiii," akanikatiza, na simu nayo ikaanza upya: shiii, shiii. "Nimeizima mara mbili, mara mbili akaamka. Tangu nilipoiwasha tena saa sita na nusu hajafumbua jicho."

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kama sita. Sikutaka kuhesabu, lakini mtu wa mahesabu hajizuii: dakika 26 kwa kila mzunguko, mama alikuwa amenisikiliza nikimsema mara sita. Mara sita, kwa utulivu, huku anafuma.

Akavuta uzi. "Tena sikoromi," akasema bila kuniangalia. "Napumua."

Kesho yake niliingia tena kabatini, nikarekodi dakika 20 safi na kuhakikisha mara tatu kwamba nimezima. Usiku huo mtoto akaamka kila baada ya saa moja. Muuguzi angesema ni bahati mbaya tu, siku za mtoto mchanga hazifanani, na mimi ningemuunga mkono kwa moyo wote. Mama alitoa hukumu nyingine: mtoto anataka ile yenye maneno. Mke wangu, ambaye ningemtegemea, alikuwa ameziba mdomo kwa nepi safi, mabega yanamtetemeka.

Kwa hiyo kila usiku tunapiga ile yenye maneno. Mtoto ana wiki tano sasa. Kofia zimefika nne, na mama ameanza soksi. Ikifika dakika ya 23, pale ninapouliza ataondoka lini, husimamisha sindano zake, huinua macho kuelekea kabati la vyombo, na kuijibu ile simu kwa upole:

"Bado."