Nyota Hazikumuua Juliet

Ikitajwa hadithi ya Romeo na Juliet, wengi husikitika na kusema yalikuwa yameshaandikwa. Shakespeare mwenyewe ndiye aliyetuachia kisingizio hicho: tamthilia inafunguliwa kwa utangulizi unaotangaza kwamba nyota za wapenzi hawa ni mbaya na kwamba watakufa. Mimi sikubali. Nikiifuata hadithi siku baada ya siku, pale Verona, mji wa Italia, naona mikono ya watu, na mingi ni ya watu wazima.

Bahati ipo. Mtumishi wa akina Capulet, ukoo wa Juliet, anatumwa kualika wageni ilhali hajui kusoma. Anamsimamisha kijana njiani amsomee orodha, kumbe ni Romeo, mtoto wa Montague, hasimu wa bwana wake. Hilo hakulipanga mtu. Lakini kukutana si kufa.

Romeo naye ana lake. Baada ya kumuua Tybalt, binamu yake Juliet, analia kwamba bahati imemchezea, na muda mfupi tu kabla ya hapo ameiambia huruma irudi mbinguni, hasira ndiyo imwongoze. Alichagua.

Hata hivyo, uchungu wangu mkubwa ni kwa wazee. Juliet hajatimiza hata miaka 14. Mwanzoni baba yake anamwambia Paris, kijana anayemposa, asubiri miaka miwili, tena ampate binti kwa ridhaa yake. Siku iliyofuata tu anapanga ndoa iwe Alhamisi, na binti akikataa anamtishia kumtupa barabarani. Kisha, kwa furaha ya kuona mtoto ametii, anaiharakisha iwe Jumatano.

Hapo ndipo penye kifo. Ili kuikwepa ndoa hiyo, Juliet anapewa na mtawa Laurence dawa ya kumfanya aonekane amekufa; inamlaza mtu saa 42, na Juliet alipaswa kuinywa Jumatano usiku. Harusi iliposogezwa, akainywa Jumanne. Watu huilaumu barua ya kumjulisha Romeo mpango huo, iliyokwama kwa sababu mjumbe alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Tauni haikuletwa na mtu, sawa. Ila barua ile ilinyang'anywa siku nzima na baba, na Juliet alikuja kuamka dakika chache tu baada ya Romeo, akidhani amekufa, kunywa sumu.

Na Laurence? Ndiye aliyewafungisha ndoa kwa siri Romeo na Juliet, na angeweza kwenda kwa wazazi akasema, "Huyu ana mume." Alinyamaza. Mle kaburini Juliet anapoamka, mtawa anasikia kelele nje, anamsihi watoke, anapokataa anakimbia, anamwacha mtoto na maiti ya mumewe na kisu. Kila nikifika hapo hasira hunipanda upya. Kukimbia kule hakukuandikwa popote.

Naling'ang'ania hili kwa sababu nimechoka kusikia maneno yaleyale matangani: binti aliyelazimishwa kuolewa akijidhuru, tunasema siku yake ilifika, na waliomlazimisha wanapewa pole pamoja na wengine.

Mtawala wa Verona hakuwapa wazee nafuu hiyo. Mbele ya maiti aliwaita Capulet na Montague, akawaambia watazame adhabu iliyoiangukia chuki yao. Alizitaja mbingu, ndiyo, lakini kama mkono uliowaadhibu kwa walichokifanya wenyewe. Kisha akajitia na yeye hatiani: alifumbia macho ugomvi wao, akapoteza jamaa zake wawili.