Spika za kuokoteza sebuleni: wapi zinafaa, wapi zinaharibu

Lubumbashi ni wachache wanaonunua sinema ya nyumbani ikiwa kamili ndani ya katoni moja. Wengi tunaijenga kipande kwa kipande: ampli imeachwa na ndugu aliyehamia Ulaya, bafle mbili kubwa za mbele ni mtumba, sabufa, yaani bafle ya besi, imepitia mpaka wa Kasumbalesa na mzigo wa mtu mwingine, na vispika vya nyuma vimebaki baada ya redio ya zamani kufa. Ukimuuliza muuzaji kama vitu hivyo vitaelewana, jibu liko mdomoni: "Papa, bafle ni bafle, zote zinalia." Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, unataka spika zote tano ziwe za chapa moja na modeli moja, la sivyo usijisumbue.

Hawa wa pili hawasemi ovyo. Sauti ya filamu hutembea. Pikipiki ikikatiza skrini kutoka kushoto kwenda kulia, inapita kwenye spika tatu za mbele. Kama ya kushoto ina twita (kile kispika kidogo cha sauti nyembamba) ya kitambaa laini na ya katikati ina twita yenye mdomo wa tarumbeta, utasikia pikipiki moja ikiingia na nyingine ikitoka. Mtu akitembea huku anaongea, koo lake linabadilika njiani.

Watetezi wa kuchanganya hujibu kwamba ampli za siku hizi zina maikrofoni ya vipimo, kwa programu kama Audyssey au YPAO ya Yamaha. Ni kweli, na zinasaidia: umbali na ukubwa wa sauti hulinganishwa vizuri, na hata rangi ya sauti husogezwa kidogo. Kisichorekebishika ni namna spika inavyotawanya sauti pembeni. Katika nyumba zetu za matofali, sakafu ya vigae na ukuta mtupu, sehemu kubwa ya tunachosikia imegonga ukuta kwanza. Hapo tofauti hurudi.

Kuna jambo jingine ambalo sokoni hulisikii, nalo limeandikwa nyuma ya spika. Spika inayotoa desibeli 84 kwa wati 1 inahitaji zaidi ya mara sita ya nguvu ili ifikie ile ya desibeli 92. Ampli itazisawazisha, lakini kishindo kikija, ile dhaifu itaishiwa kwanza. Namba nyingine ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: spika ya omu 4 kwenye ampli iliyoandikwa omu 6 hadi 8 inavuta mkondo mwingi kuliko ilivyokusudiwa. Ikifunguliwa sana, ampli inachemka na inaweza kuungua. Soma namba kabla ya kutoa pesa.

Kwa sabufa, ubishi ni wa bure. Chini ya hezi 80 hivi, yaani kwenye besi nzito, sikio linashindwa kujua sauti inatoka wapi, kwa hiyo chapa yoyote yenye nguvu ya kutosha itafaa. Za nyuma nazo hubeba zaidi mvua, kelele za umati na mwangwi. Vispika vya redio iliyokufa vinaweza kazi hiyo, mradi uiambie ampli ni vidogo na besi iende kwa sabufa.

Ugumu wote uko kwenye spika ya katikati, maana ndiyo inayobeba maneno. Wapo wanaosema: ukikosa inayofanana na mbili za mbele, usiweke kabisa. Ampli itagawa sauti yake kushoto na kulia, na maneno yatasikika katikati ya skrini. Kwa mtu aliyekaa katikati ya kochi, wana haki. Lakini siku TP Mazembe inacheza, sebule imejaa hadi mlangoni, na aliyebanwa kwenye ukuta wa kushoto humsikia mtangazaji kwenye bafle ya kushoto tu, kwa sababu sauti inayomfikia kwanza ndiyo sikio huifuata. Kwake yeye, spika ya katikati isiyofanana na wenzake ni bora kuliko pengo.

Kwa hiyo mwenye sebule inayojaa watu namshauri aweke ya katikati, hata ya kuokota, akitafuta angalau yenye twita ya aina ileile. Anayetazama na mkewe tu anaweza kuiacha. Na mwenye subira ana njia ya tatu: spika ndogo za mtumba huuzwa jozi jozi, basi anunue jozi mbili za modeli moja, asimamishe tatu mbele, na besi aiachie sabufa. Najua, bafle kubwa ni heshima ya nyumba, na hakuna anayetaka kuziondoa kabla wakwe hawajaziona. Zibaki kwa rumba, zenyewe mbili, kwenye ampli nyingine. Ile spika ya nne iwekwe kabatini. Twita ya modeli ya zamani ikikatika, hutaipata tena sokoni.