Pointi moja ya Iowa: je, kambi ya marubani ilipoteza muda ikicheza mpira mwaka 1943?

Msimu wa 1943 wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, uliacha orodha inayomshangaza kila anayeisoma mara ya kwanza. Katika kura ya mwisho ya waandishi wa Associated Press, inayopanga timu bora nchini, Notre Dame walikuwa wa kwanza. Nafasi ya pili haikwenda chuo chochote. Ilikwenda kwa Iowa Pre-Flight, shule ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliyowaandaa vijana kabla hawajafundishwa kurusha ndege za kivita. Shule hiyo ilifunguliwa Aprili 1942 katika majengo ya Chuo Kikuu cha Iowa, mjini Iowa City, na timu yake ikaitwa Seahawks. Kambi ya Great Lakes ilishika nafasi ya 6, Del Monte Pre-Flight ya 8, March Field ya 10. Timu nne za kijeshi ndani ya kumi bora, na vita vikiwa vimepamba moto.

Wanaozibeza timu hizi husema mambo mawili: kwamba zilikuwa maficho ya wanamichezo wakati wenzao wanakufa, na kwamba zilikuwa ushindani wa hila, watu wazima waliokwisha kulipwa kucheza wakiwakanyaga vijana wa miaka 17. Yote mawili yana chembe ya ukweli. Ila la kwanza limekuzwa kupita kiasi, na la pili linasahau jinsi timu ya kambi ilivyoundwa na ilivyovunjika.

Tuanze na uzito wa hoja ya wapinzani, maana si mwepesi. Tarehe 20 Novemba 1943 Seahawks walikuwa Indiana wakicheza na Notre Dame. Tarehe hiyohiyo, kwa saa za Pasifiki, askari wa Marine, kikosi cha mashambulizi ya pwani kilicho upande wa wanamaji, walianza kuvuka miamba ya Tarawa kwa miguu, maji yakiwafika kifuani, kwa sababu boti zao zilikwama. Kufikia siku ya nne, Wamarekani zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa kwenye kisiwa ambacho mtu angekizunguka chote kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Mzazi aliyepata telegramu wiki ile angesema nini akifungua gazeti na kukuta picha ya luteni wa wanamaji amekumbatia mpira? Hakuna hesabu inayoweza kulifuta swali hilo, na sidhani inafaa kujaribu.

Lakini hata wakuu wa Marekani wenyewe hawakuwa na jibu moja. Jeshi la Nchi Kavu, katika mpango wake wa kuwasomesha askari vyuoni, liliwakataza wanafunzi hao kuchezea timu za vyuo. Sababu yake ilikuwa muda. Ratiba ilikuwa na saa zisizopungua 59 kwa wiki: 24 za darasani na maabara, 24 za kujisomea, 6 za mazoezi ya viungo, 5 za mafunzo ya kijeshi. Jeshi la Wanamaji, katika mpango wake wa V-12 ulioanza tarehe 1 Julai 1943 kwenye vyuo 131, liliruhusu. Wanafunzi wake walifanya saa 9 na nusu za mazoezi kwa wiki, na aliyetaka mpira aliucheza. Matokeo yakaonekana hapohapo. Chuo kilichopangiwa wanafunzi wa wanamaji kilipata timu. Chuo kilichobaki na wa nchi kavu tu kilikosa watu. Alabama na Tennessee hawakuweka timu kabisa mwaka ule. Purdue, waliopata vijana wa Marine kutoka Illinois, walishinda mechi zote 9.

Ukitazama juujuu, msimamo wa Jeshi la Nchi Kavu ndio unaoonekana wa heshima zaidi. Uchungulie kwa karibu. Februari 1944 mpango wake wa vyuo ulikatwa, na wanafunzi wapatao 110,000 wakapelekwa kwenye vikosi vya ardhini. Kwa hiyo zile saa 24 za darasani na maabara walizonyimwa mpira kwa ajili yake ziliishia kwenye mahandaki. Na jeshi lilelile lilikuwa na timu zake za kambini zilizojaa wachezaji wa kulipwa: Camp Grant, Fort Riley, March Field, na Randolph Field ya Texas, ambayo mwaka 1944 haikufungwa na yeyote na ikamaliza ya 3 nchini. Katazo lilimbana mwanafunzi, halikuugusa mpira. Seahawks wenyewe walizifunga Fort Riley 19-2 na Camp Grant 28-13.

Kwa wanamaji mpira ulikuwa somo. Tom Hamilton, ofisa aliyewahi kuichezea na kuifundisha timu ya chuo cha wanamaji cha Annapolis, ndiye aliyepanga sehemu ya michezo katika shule hizi za awali. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana aliyetoka shuleni au kaunta ya duka anahitaji kuzoea kupigwa, kuchoka na bado akaamua haraka, kabla hajapewa mashine inayoruka. Kwa hiyo kila kadeti, aliyejua na asiyejua, alipitia ngumi, mieleka, kuogelea, mpira wa kikapu, mapigano ya mkono kwa mkono na mpira wa Kimarekani. Timu iliyoonekana Jumamosi ilikuwa kama povu juu ya sufuria. Chini yake kulikuwa na mamia ya vijana waliokuwa wakiangushana katikati ya wiki bila mtazamaji hata mmoja. Anayeihukumu Iowa kwa mechi 10 za Jumamosi ameliona povu tu.

Na hapa ndipo hoja ya maficho inapoanza kuvuja. Kozi ya kadeti ilikuwa ya miezi mitatu hivi. Msimu ulianza tarehe 18 Septemba na kumalizika tarehe 27 Novemba, wiki 10. Fanya hesabu: kadeti aliyeingia mwanzoni mwa Agosti anamaliza kozi mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mechi ya Notre Dame. Kocha hawezi kumwombea abaki, kwa kuwa kuna kundi jingine linasubiri kitanda chake. Chuo cha kawaida kina mchezaji kwa miaka mitatu au minne. Kambi inampata kwa wiki kadhaa na kuagana naye. Maficho gani hayo yenye mlango wa kutokea uliowekewa tarehe?

Waliokaa muda mrefu ni maofisa wakufunzi, na hapa wapinzani wana haki yao. Dick Todd aliwahi kukimbiza mpira Washington, Perry Schwartz Brooklyn, Vince Banonis Chicago Cardinals. Hawa walikuwa watu wazima wa ligi ya kulipwa, na kuwapanga dhidi ya chuo kilichobakiwa na waliokataliwa na daktari wa jeshi pamoja na wasiofikisha umri ni mechi ambayo matokeo yake yalijulikana tangu kwenye treni. Seahawks waliifunga Iowa, wenyeji wao, 25-0, na Minnesota 32-0. Kwa msimu mzima walipata pointi 277 wakaruhusu 98. Mwenye kusema hilo halikuwa shindano la haki namwelewa.

Ila mkufunzi hakuwa na hati ya kubaki nyumbani milele. Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais, alikuwa mkufunzi katika shule dada ya Chapel Hill, kisha akapelekwa kwenye manowari ya kubeba ndege ya Monterey huko Pasifiki. Bud Wilkinson, msaidizi wa kocha Iowa, alihudumu kwenye manowari nyingine ya kubeba ndege, Enterprise. Tony Butkovich, mmoja wa wale Marine wa Purdue na mkimbiaji hatari kuliko wote katika ukanda ule msimu wa 1943, aliuawa Okinawa Aprili 1945. Nile Kinnick, shujaa wa Iowa aliyetwaa mwaka 1939 tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, hakuwahi kuwa wa Seahawks, lakini uwanja waliochezea sasa una jina lake: alikufa Juni 1943 karibu na pwani ya Venezuela, ndege yake ikivuja mafuta ya injini, katika safari ya mazoezi tu. Kwa upande mwingine, kocha mkuu Don Faurot alihamishiwa Jacksonville, Florida, akaendelea kufundisha mpira hukohuko. Kwa hiyo si kila mmoja alifika kwenye moto. Nani aende na nani abaki liliamuliwa kwenye karatasi za jeshi, na kuwalaumu waliotii karatasi hizo ni kumlaumu mpagazi kwa uzito wa mzigo.

Faurot ndiye ninayetaka kukaa naye kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyeiacha alama ambayo wachambuzi wengi huipita wakikimbilia kubishana juu ya Tarawa.

Alitoka Chuo Kikuu cha Missouri, ambako mwaka 1941 alibuni mpango ulioitwa split-T. Wazo alilitoa kwenye mpira wa kikapu: washambuliaji wawili wakimkimbilia mlinzi mmoja, mwenye mpira husubiri mlinzi achague, kisha hufanya kinyume. Akapanua nafasi kati ya watu wa mstari wa mbele, ndogo karibu na kati na kubwa zaidi kadiri unavyokwenda pembeni, ili walinzi nao watanuke na kuacha milango. Kwotabeki, yaani anayepokea mpira kwanza na kuongoza shambulio, badala ya kurudi nyuma anateleza sambamba na mstari. Kwanza anaweza kumkabidhi mpira hafubeki, mkimbiaji aliyesimama nyuma, anayechomoka moja kwa moja mlangoni. Asipompa, anaendelea hadi kwa mlinzi wa mwisho, ambaye ameachwa bila kuzuiwa kwa makusudi. Mlinzi akimvaa kwotabeki, mpira unarushwa nje kwa mkimbiaji wa pili. Akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anakata ndani na mpira wake.

Kinachoharibika kinajulikana. Kwotabeki akirudi nyuma hata hatua moja, mlinzi wa pembeni anapata muda wa kuwatazama wote wawili. Akichelewa kurusha, mpira unaishia chini. Watu wa mstari wakibana nafasi kwa woga, mlango unafungwa na hafubeki anajigonga kwenye migongo ya wenzake.

Sasa linganisha hilo na hali ya kambi. Mpango wa zamani wa single wing ulitaka wazuiaji wawili wamsukume mtu mmoja kwa wakati mmoja, na wengine waondoke kwenye mstari kwa hatua zilizohesabiwa. Huo ni ufundi wa misimu. Split-T ina michezo michache ya msingi inayoanza kwa sura ileile, na kwa kuwa hafubeki anafika mlangoni haraka, mzuiaji anatakiwa kumshikilia mtu wake kitambo kidogo tu. Kwa timu inayobadilisha watu katikati ya msimu, hiyo ni tofauti kati ya kucheza na kubahatisha. Wachezaji wa kulipwa walisaidia, sikatai. Lakini Ohio State kufungwa 28-13 wiki ya pili tu ya msimu, na Missouri ya Faurot mwenyewe kulala 21-6, kulihitaji pia kitu kinachofundishika kwa siku chache.

Ubingwa ulipotea kwa 14-13. Tachidauni mbili kila upande (kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6 kila mara), kisha kwenye mikwaju inayofuata Notre Dame wakapiga pointi zote mbili za ziada, Seahawks moja. Notre Dame walikuwa tayari wamempoteza kwotabeki wao Angelo Bertelli, aliyeitwa na Marine baada ya mechi sita na bado akapewa Heisman, na kijana Johnny Lujack ndiye aliyeshika nafasi. Wiki moja baadaye Great Lakes waliwafunga Notre Dame 19-14 sekunde za mwisho, na bado waandishi wakawapa namba moja. Wapo wanaolalamika kwamba Iowa waliporwa. Siwaungi mkono, walipokutana ana kwa ana, Notre Dame walishinda, na ratiba yao ilikuwa ngumu kuliko ya Purdue ambao hawakufungwa na wakaachwa nafasi ya 5.

Faida ya msimu ule ilikuwa imekaa kwenye benchi. Wasaidizi wa Faurot walikuwa Jim Tatum na Bud Wilkinson, na wote wawili waliondoka Iowa na split-T kichwani. Mwaka 1946 Tatum alikuwa kocha wa Oklahoma, Wilkinson msaidizi wake. Mwaka uliofuata Tatum akaenda Maryland, Wilkinson akabaki. Maryland walitawazwa mabingwa wa 1953, na tarehe 1 Januari 1954 wakakutana na Oklahoma katika Orange Bowl, mechi ya heshima ya baada ya msimu, wanafunzi wawili wa benchi moja: Oklahoma 7, Maryland 0. Ushindi huo ulikuwa mmoja wa 47 mfululizo ambao Oklahoma walijikusanyia hadi Novemba 1957, Notre Dame haohao walipowakatiza 7-0. Kama si vita, kocha wa chuo angemfungulia nani daftari lake? Makocha washindani hawafundishani. Jeshi liliwavisha sare moja, likawaweka chumba kimoja, na siri ya Missouri ikawa mali ya wote.

Mwenye hoja ya Tarawa atasema, na kwa haki, kwamba ufundi wa mpira haukuwa kazi ya Jeshi la Wanamaji. Ni kweli. Wala aliyeulipia hakuwa jeshi. Faurot alirudi Missouri mwaka 1946 na kufundisha misimu 11 zaidi. Kila mwaka alikutana na Oklahoma, na hakuwafunga hata mara moja.